Kumwita Brayson Uwanjani

Kitu cha kwanza nilichokiona pale uwanjani kilikuwa taa. Taa nyingi, zimefungwa kwenye mabomba marefu yenye magurudumu, zimeinamia nyasi na zinawaka mchana kweupe. Nilidhani kuna vifaranga chini yake. Kwetu, juu ya Tengeru, ukiona taa imeshushwa karibu na ardhi namna ile basi kuna vifaranga, na ukiinama utawasikia. Nikainama. Hapakuwa na sauti yoyote. Zilikuwa nyasi tu, zinaota joto.

"Jua la huku halitoshi," Bwana Jamaludin aliniambia. "Bila taa nyasi zinakufa."

Nikawaza, kumbe nyasi wamezionea huruma. Lakini sikusema.

Mimi si msemaji. Niliacha shule darasa la tano baba alipougua, ng'ombe wakakosa mtu wa kuwakatia majani. Lakini hata kabla ya hapo niliweza kukaa wiki nzima darasani bila kufungua mdomo. Mwalimu akiniuliza swali nilisimama nikaangalia vidole vya miguu yangu mpaka aniambie nikae. Jibu nilikuwa nalo. Aliyekuwa ananisemea ni kaka yangu Brayson, aliyenizidi miaka miwili. Tukitumwa dukani alikuwa anasema, "Dada anataka chumvi," na mimi nimesimama pembeni nimeshika hela. Watu walimtania kwamba ana kazi ya kuwa na midomo miwili. Alikuwa anajibu, "Na bado nyie hamniwezi."

Brayson aliondoka nyumbani na timu ya vijana ya mpira iliyoalikwa kwenye mashindano huko Uskoti. Wenzake walirudi na mabegi mapya. Yeye akabaki. Alipiga simu akamwambia mama, "Mama, nimepata kazi uwanjani." Mama hakuuliza ni kazi gani, alishukuru Mungu. Kijijini wakamalizia wenyewe. Ndani ya wiki mbili Brayson alikuwa winga, anavaa namba saba, na baba mdogo Sifael alikuwa anasimulia magoli yake kilabuni kama mtu aliyekuwa amekaa nyuma ya goli.

Ukweli tuliujua baadaye. Brayson alikuwa anafagia majukwaa. Mechi ikiisha na watu wakiondoka, yeye na wenzake walipita safu kwa safu wakiokota makopo na karatasi. Kazi hiyo aliipata kwa karatasi za mtu mwingine, Mkongo mmoja aliyekuwa amehama mji. Siku moja ya mwezi wa kumi na moja alikaa kwenye kiti kule juu kabisa, ufagio ukiwa mkononi. Wenzake wakadhani amepumzika. Walipomfikia moyo ulikuwa umeshasimama. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Serikali ya mji ule ilitafuta ndugu za Mkongo, haikuwapata. Ilingoja wiki kadhaa, kisha ikauchoma mwili wa Brayson, na majivu yake yakamwagwa kwenye bustani pamoja na ya wengine wasiokuwa na watu. Sisi tulikuwa tunapiga simu, tunaambiwa haipatikani.

Aliyetuletea habari ni Bwana Jamaludin. Mama yake, Bibi Maleksultan, ndiye ninayemtunza, nyumbani kwake Engutoto. Familia yao imekaa Arusha tangu zamani, wana duka la vitambaa mjini, lakini Jamaludin anaishi Glasgow, mji uleule wa Uskoti. Bibi aliona nimeanza kuunguza chapati. Akaniuliza mara tatu nina nini, mara ya nne nikamwambia. Akamtuma mwanawe aulizie, na baada ya siku tisa jibu likaja.

Nilikwenda nyumbani kumwambia mama mwenyewe. Alikuwa anamenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kumenya.

Majirani walipokuja kutoa pole aliwauliza, "Pole ya nini? Maiti iko wapi?" Kama mtu ameleta sukari alimrudishia sukari yake. Hakunyoa nywele. Hakukubali turubai lifungwe. Mchungaji wa usharika alikuja na wazee wawili wa kanisa, akawakaribisha, akawapa chai, na alipotaka kuanza kuomba mama akasema, "Mchungaji, unamwombea nani? Mimi nimezaa mtoto mwenye mwili." Mchungaji akanywa chai yake, akaondoka. Siku zikapita hivyo. Mama alikonda mpaka gauni la kanisani likawa kama limeazimwa. Hakuwa analia. Ningemwona analia ningepata nafuu.

Katika ukoo wetu kuna njia ya kufanya mtu akifia mbali na mwili usipatikane. Babu yetu mmoja alifia kwenye mashamba ya mkonge Tanga enzi za Waingereza. Dada yake alikwenda, akachota udongo wa pale alipoangukia, akamwita, akarudi naye. Kaburi lake lipo kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, mpaka leo, fupi kuliko mengine. Lakini lazima aende mtu aliyetoka tumbo moja na marehemu. Kwa mama tulizaliwa wawili tu.

Bibi Maleksultan alikuwa na safari ya kwenda Glasgow kwa matibabu, maana mkono wake wa kulia ulikufa alipopata kiharusi. Alihitaji mtu wa kumvalisha na kumkatia chakula. Alisema ataondoka na mimi.

"Nitakupeleka huko kwa kaka yako," aliniambia. "Ila ujue, kule mtu ukimjibu kwa kikombe cha chai hakuelewi. Mimi nimekuzoea."

Kabla sijaondoka, baba mdogo Sifael alinipa maagizo zizini wakati mama anakamua.

"Udongo unachota kwa mkono mtupu. Usitumie kisu wala kijiko, chuma kinamfukuza. Unafunga kwenye kitambaa kipya kisichofutiwa hata jasho. Halafu unamwita. Kwa jina, kwa sauti. Unamwambia ainuke, mama yake anamngoja, twende nyumbani. Usinong'one, marehemu si mchumba wako."

"Sauti kiasi gani?" nikauliza.

"Kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya korongo." Akanitazama, akatikisa kichwa. "Mungu naye. Watoto wawili, mmoja akapewa mdomo wote."

"Na bustani walikomwaga majivu?" mama akauliza bila kuacha kukamua.

"Moto si mahali, shemeji. Mtu yuko pale pumzi ilipomtoka. Amekaa, anangoja kuambiwa. Asipoitwa, udongo ni udongo tu, hata ukijaza gunia." Akanigeukia tena. "Ukishamwita usiangalie nyuma, na usiseme na mtu yeyote mpaka utoke getini."

"Hilo la mwisho ataliweza," mama akasema.

Sifael akacheka. Mama naye akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu nimletee habari. Nikajua kwamba ameshaamini. Ameniweka mimi mahali pa tumaini lake lote, na tayari anahesabu siku.

Glasgow tulifika mwezi wa pili. Sitasimulia mji, sikuuona sana. Ulikuwa na mvua nyembamba isiyoisha, na giza liliingia wakati kwetu watoto bado wanatoka shule. Bwana Jamaludin aliongea kwa simu na mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia pamoja na Brayson. Mwanamke huyo alimtajia mahali penyewe: jukwaa la kaskazini, sehemu ya juu, ngazi ya tisa, safu ya tatu kutoka mwisho, kiti cha pembeni. Bwana Jamaludin aliandika kwenye kikaratasi akanipa. Nilikisoma mara nyingi sana, ingawa nilikuwa nimeshakishika kichwani.

Mgeni haruhusiwi kuingia uwanja ule na kwenda anakotaka. Unanunua tiketi, unapewa mzee wa kukuzungusha pamoja na watu wengine. Tulikuwa kumi na sita. Walikuwepo baba mmoja na watoto wake wawili, wanaume kadhaa waliovaa skafu za timu, na mume na mke wazee walioshikana mikono. Mzee wa kutuzungusha alikuwa na koti jekundu na nywele nyeupe kabisa. Alisema matofali ya ukuta wa mbele yalichomwa zaidi ya miaka mia na thelathini iliyopita. Nikawaza kwamba hata misheni ilikuwa haijafika Meru. Aliyagusa yale matofali kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Nilimpenda kwa hilo.

Alituuliza kila mmoja ametoka wapi. Bwana Jamaludin alimjibu, mzee akacheka akasema kitu huku akiniangalia.

"Anauliza kama umekuja na jua," Bwana Jamaludin akanitafsiria.

Nikatabasamu nikiangalia zulia.

Tulipitishwa kwenye kabati za vikombe, tukapitishwa kwenye chumba wanakovalia wachezaji, jezi zimetundikwa zimepangwa. Namba saba ilikuwepo. Mtoto wa yule baba aliishika mkono wake akapigwa picha. Kisha tukatokea kwenye nyasi, ndipo nilipoona zile taa. Kulikuwa na kamba, na mzee akasema hakuna mtu anayekanyaga ndani, hata mfalme akija. Bwana Jamaludin aliniambia kwamba nyasi zile zimeshonewa nyuzi za plastiki ili zisifumuke. Sikujali. Kaka yangu hakuwa pale chini.

Ngazi za kwenda juu zilikuwa nyingi. Mzee alipumzika kila baada ya kona, na katika kila kona alikuwa na hadithi, na watu walicheka. Mimi nilikuwa najifunza maneno. Brayson, inuka, mama anakungoja, twende nyumbani. Niliyasema ndani ya kichwa kila ninapopanda ngazi moja. Ndani ya kichwa sauti yangu ilikuwa kubwa tu.

Tulipotokea juu, mzee aliwakusanya watu katikati ya jukwaa, awaonyeshe mji ng'ambo ya paa. Bwana Jamaludin alinishika kiwiko, tukapanda pembeni. Alikuwa anahesabu safu kwa kidole. Akasimama.

"Ni hapa, Ndeshi."

Kilikuwa kiti cha plastiki, kimejikunja kama vingine vyote. Hakikuwa na alama. Nilikifungua, nikakiacha, kikajifunga chenyewe. Nikapiga magoti niangalie chini yake.

Hapakuwa na udongo. Sijui kwa nini sote, mama na baba mdogo na mimi mwenyewe, hatukuwahi kulifikiria hilo. Tangu mwanzo tulisema udongo, udongo, tukaona kama vile mtu akianguka popote duniani lazima aangukie ardhi. Chini palikuwa saruji tupu, imeoshwa, safi kuliko meza yetu ya chakula. Kazi yake ilikuwa inafanywa vizuri na mtu mwingine.

Nilipapasa kila mahali. Mguu wa kiti ulikuwa umekazwa na nati, na kuizunguka ile nati kulikuwa na uchafu mweusi, mwembamba kama wanja. Nikaukwangua kwa kucha. Kucha ikavunjika, nikatumia nyingine. Nikapata vumbi, unywele mmoja mfupi na kipande cha karatasi kisichofika punje ya mchele. Vyote nilivitia kwenye kitambaa. Havikufika hata kiasi cha chumvi ya kutia kwenye yai.

Bado nilikuwa nimepiga magoti niliposikia watu chini yetu wameanza kuchangamka. Watoto walikuwa wanarukaruka.

"Anasema siku ya mechi watu elfu hamsini wanapiga kelele humu," Bwana Jamaludin akaniambia, "na paa linairudisha kelele mpaka kifua kinatetemeka. Anataka tujaribu. Akihesabu mpaka tatu, kila mtu apaze sauti aite chochote anachotaka." Akainama karibu na sikio langu. "Ndeshi, hii ni bahati yako. Hakuna atakayekusikia ila yeye."

Nikasimama. Mzee aliinua vidole. Kimoja, viwili, vitatu.

Walipiga kelele wote. Watoto walipiga kelele, baba yao akapiga kelele, wale wa skafu wakaita jina la timu, hata mke wa yule mume mzee alitupa kichwa nyuma akatoa sauti nyembamba kama ya ndege. Bwana Jamaludin aliweka mikono mdomoni akaita, "Arushaaa!" Nadhani alifanya hivyo ili anipe moyo. Paa likazipokea sauti zote, likazirudisha.

Mimi nilifungua mdomo. Najua niliufungua kwa sababu baridi iliniingia kwenye meno. Jina lilikuwa kooni, nililihisi kama donge la ugali. Halikutoka.

Kelele zikaisha. Mzee alikuwa ananitazama. Alikuwa ameona. Alitabasamu, akaweka kiganja nyuma ya sikio lake, akanena kitu kwa upole.

"Anasema bado wewe," Bwana Jamaludin akasema. "Wanakungoja."

Watu wote wakageuka. Nyuso kumi na nne, na ya Bwana Jamaludin kumi na tano. Hazikuwa nyuso mbaya. Yule mke mzee alinipungia mkono. Mtoto wa kike akasema neno, baba yake akamfinya begani anyamaze. Nikaangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya Bibi, vya ngozi, vimenipwaya. Nikaviangalia mpaka mzee akapiga makofi, akafanya mzaha, wakacheka, wakaanza kushuka.

Ningeweza kusema kwamba ni watu walionizuia. Lakini walishuka wote. Bwana Jamaludin naye alishuka ngazi kama kumi, akanipa mgongo, akawa anatazama simu yake, ili nisione haya. Nikabaki peke yangu na kile kiti na viti vingine maelfu, vyote vimejifunga. Hapakuwa na mtu wa kunicheka. Kaka yangu alikuwa amekaa pale tangu mwezi wa kumi na moja, anangoja mtu wa kwao amwambie inuka. Na mtu wa kwao amekuja, amesimama mbele yake, anameza mate.

Sijui nilisimama muda gani. Upande wa pili wa uwanja mlango ulifunguka, akatoka mtu na ndoo na ufagio, akaanza safu ya kwanza. Nilikaza fundo la kitambaa, nikashuka.

Sikuangalia nyuma. Sikusema na mtu mpaka nikatoka getini. Hilo nililitimiza.

Nje, Bwana Jamaludin aliniuliza, "Umemaliza?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Bibi aliniuliza jioni, nikatikisa kichwa. Mama alipiga simu, na kwa sababu kwenye simu huwezi kutikisa kichwa, nikasema, "Nipo naye, mama." Nilikuwa nimeshika kitambaa nilipokuwa nasema.

Mwezi wa nne tulirudi. Baba mdogo Sifael alikuja kunipokea uwanja wa ndege na pikapu ya jirani. Hakunisalimia mimi kwanza. Alivua kofia, akakisalimia kitambaa.

Kaburi walikuwa wamelichimba kihambani, kati ya migomba na kahawa, kando ya baba. Lilikuwa na urefu wa mkono wa mtu. Watu walikuwa wengi, kwa sababu watu wetu hawamkosi marehemu hata akiwa amekuja kwenye leso. Mchungaji alikuwepo pia. Alisema ataliombea kaburi kama makaburi mengine, na mambo yaliyofanyika Uskoti hayajui na asielezwe. Wakati Sifael anataka kuniuliza, mchungaji alikwenda kuangalia ng'ombe.

"Ndeshi," baba mdogo akasema mbele ya watu wote. "Ulichota kwa mkono mtupu?"

Nikatikisa kichwa.

"Ulimwita?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwa sauti?"

Kuna mama mmoja, Tabea, jirani yetu, akacheka. "Huyu? Huyu akikanyagwa na punda hasemi."

"Ulaya imemfungua mdomo," mwingine akadakia. "Msubirini, kesho atagombea udiwani."

Watu wakacheka, kicheko cha msibani, cha kupumulia. Baba mdogo alikuwa bado ananitazama. Hata mama alikuwa ananitazama, na alikuwa ameshika kilemba chake kwa mikono yote miwili, tayari kukivua ili anyolewe.

Nikatikisa kichwa.

Mama akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akaanguka chini, wanawake wakamwinua. Wakamnyoa. Akakubali pole ya kila mtu, mmoja mmoja, hata ya Tabea. Kitambaa kikafunikwa kwa majani ya mgomba, kikashushwa, kikafukiwa. Siku ile mama alikula loshoro ya mahindi na maziwa mgando, bakuli zima, akaomba nyingine.

Nilirudi Engutoto kwa Bibi. Siku moja nilikuwa bafuni nafua, bomba limefunguliwa, ndoo inajaa, nikajaribu. Nikaita, "Brayson!" Sauti ikatoka. Ilitoka kubwa, ikagonga vigae. Nikaita tena maneno yote, kuanzia inuka mpaka nyumbani. Nilipotoka, Bibi Maleksultan alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe sauti unayo," akasema. Mimi nikaenda kuanika nguo.

Mwisho wa kila mwezi nakwenda nyumbani. Mama amenenepa. Jumamosi anapeleka ndizi sokoni Tengeru, na Tabea ananiambia kwamba akifika sokoni haishi kucheka. Kila asubuhi anafagia kaburi la Brayson kwa mkono, kisha anakaa hapo anazungumza naye. Anamwambia ng'ombe gani amezaa. Anamwambia bei ya kahawa. Nikiwa nyumbani namsikia kupitia dirishani, na huwa najifunika shuka mpaka kichwani.

Mwezi wa nane nilimkuta shambani, tukang'oa maharage pamoja. Alikuwa na kikohozi kidogo. Tulipofika mwisho wa mstari alinyoosha mgongo, akaonyesha kwa kidevu.

"Nimemwambia Sifael mahali pangu ni pale. Kati ya baba yenu na Brayson. Pale penye mgomba utakatwa, sitaki wanipeleke pembeni."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisipokuambia wewe nimwambie nani? Mtu akishajua amelala na nani, hana wasiwasi." Akatema mate pembeni, akafuta mdomo. "Ila kuna kitu nataka kukuuliza. Namwongelesha kila siku. Baba yako tangu amekufa nikimwongelesha namsikia, hapa." Akajigusa kifuani. "Huyu mtoto hanijibu. Aliyekuwa na maneno kuliko watu wote. Nikawaza labda amenikasirikia, kwamba nilimwacha akae kule kwenye baridi. Wewe ndiye uliyemwita. Ulipomwita, ulisikiaje? Aliitika?"

Nilikuwa nimeshika mafungu mawili ya maharage. Nikaangalia miguu yangu. Akangoja. Hakunihimiza, aliningoja tu, kama alivyokuwa akiningoja nilipokuwa mdogo, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunisemea.

"Mama," nikasema, "sikumwita. Niliona haya."